Ari ikikuisha kazini au masomoni: mwongozo wa kutafuta chanzo na kuanza tena

"Kwani we hutaki maisha mazuri?" Hilo ndilo swali analoulizwa nyumbani kijana aliyeacha kufungua madaftari, na ndilo analoulizwa ofisini mfanyakazi ambaye kazi yake imedorora. Swali halimsaidii, maana jibu lake linajulikana. Anataka. Dada anayejiandaa na mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, anaitaka CPA, sifa ya juu ya uhasibu, kwa moyo wote, na bado kitabu kimelala juu ya kabati tangu Jumapili. Kuyataka matunda ya kazi ni jambo moja. Kupata nguvu ya kuifanya kazi yenyewe jioni hii, baada ya foleni ya Mbagala, ni jambo jingine kabisa.

Ninachokiamini ni kwamba ari haipotei bure. Kuna kilichoizima, na vinavyoweza kuizima ni vingi, kila kimoja na dawa yake. Ukimwambia aliyechoka ajitume zaidi, unamwumiza. Ukimpa likizo asiyeona faida ya anachokifanya, atarudi baada ya mwezi akiwa vilevile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni uchunguzi. Chukua daftari na kalamu, utavihitaji kuanzia hatua ya pili.

Hatua ya 1: Hakikisha si mwili unaogoma

Anayeishi Chanika au Gongo la Mboto na kufanya kazi Masaki huamka saa kumi alfajiri na kufika nyumbani saa tatu usiku. Akishapika, akaoga na kuongea kidogo na watoto, usingizi unabakiwa na saa tano. Mtu mzima anahitaji walau saa saba. Baada ya miezi kadhaa ya maisha hayo hata kazi anayoipenda itamchosha kuitazama tu, naye atajiita mvivu.

Jaribu hivi. Tafuta siku tatu au nne za kulala na kula vya kutosha: sikukuu iliyoungana na mwisho wa wiki, au kipande cha likizo. Kisha jiangalie. Kama hamu imerudi kwa karibu kila kitu, ulikuwa umechoka, na kinachotakiwa kubadilishwa ni ratiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na inaweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki. Wengi wanajua habari ya likizo lakini wanaiacha ipite mwaka hadi mwaka kwa kuogopa kuonekana hawajitumi. Zidai siku zako kabla hujaanza kujilaumu.

Kama hamu imerudi kwa mambo mengine, unacheka na marafiki, unafuatilia mpira, unapika kwa furaha, ila kazi au somo lile moja bado linakukaba, basi shida iko kwenye kazi hiyo. Nenda hatua ya pili.

Kama hamu haijarudi kwa chochote, hata kwa vile ulivyokuwa ukivipenda sana, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi pamoja na usingizi uliovurugika, kula kulikobadilika, kujiona hufai au mawazo ya kutotaka kuishi, usiendelee na mwongozo huu peke yako. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala, uulizie huduma ya afya ya akili, au idara ya afya ya akili ya Muhimbili. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Mwombe daktari akupime damu pia, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta ulegevu unaofanana sana na kukata tamaa.

Kuna hali nyingine ya katikati. Katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyopitishwa mwaka 2019, imeelezwa hali ya kuchakaa na kazi (kwa Kiingereza burnout) kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona huna tena ufanisi. Shirika hilo linaihesabu kuwa matokeo ya msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, na halijaiita ugonjwa. Maana yake kwako ni kwamba kupumzika peke yake hakutoshi, kwani mzigo ulioileta utaukuta palepale mezani. Ni lazima kitu fulani kwenye kazi kipunguzwe au kibadilishwe.

Hatua ya 2: Taja jambo moja kwa jina lake

"Sina ari ya kazi" ni sentensi kubwa mno, huwezi kuitibu. Andika ulichokifanya wiki iliyopita, siku kwa siku, na pembeni yake weka alama kwenye ulivyoviahirisha. Aghalabu picha inayotokea hukushangaza. Muuzaji wa vitambaa Kariakoo anayesema ameichoka biashara anagundua kuwa na wateja bado anaelewana vizuri, anachokikimbia ni kudai madeni. Mwanafunzi wa DIT, chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam, anayesema ameichoka fani yake anagundua kuwa karakana anaipenda, kinachomtisha ni somo moja la hesabu ambalo masomo mengine yote yanalitegemea.

Kwa hiyo usiandike "masomo". Andika "hesabu za mizania, sura ya nne". Usiandike "ofisi". Andika "ripoti ya kila Ijumaa". Hatua zinazofuata zitumie kwa jambo hilo moja tu.

Hatua ya 3: Jiulize maswali manne

Mwaka 1964 Victor Vroom, mtafiti wa masuala ya kazi, alieleza kuwa bidii ya mtu inategemea mambo matatu: kama anaamini akijitahidi ataweza, kama anaamini akiweza atapata kitu, na kama kitu hicho kina thamani kwake. Mambo hayo aliyazidisha, hakuyajumlisha. Namba yoyote ukiizidisha kwa sifuri jibu ni sifuri, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ndoto kubwa na bado asinyanyue hata kalamu. Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walifanya utafiti wa miaka mingi kuhusu mambo ambayo binadamu huyahitaji ili afanye kitu kwa moyo wake: kuona ana uamuzi, kuona anaweza, na kuona yuko pamoja na watu. Nimeyaunganisha mawazo hayo katika maswali manne. Yajibu kwa maandishi.

*Naweza?*

Hapa ndipo ari za watu wengi zinapofia, na hapa ndipo tunapokosea zaidi kuwahukumu wenzetu.

Mfikirie mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Temeke, miaka yote kwa Kiswahili, akafaulu. Anaingia kidato cha kwanza, anakuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote ni kwa Kiingereza. Anasoma, anafeli. Hasomi, anafeli. Miezi michache baadaye anaacha kunyoosha mkono, na kwenye ripoti mwalimu anaandika "Ongeza bidii". Bidii yake imeshampa jibu: haibadilishi kitu.

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio lililoionyesha hali hii kwa ukatili wa wazi. Mbwa wa kundi moja walipigwa shoti za umeme ambazo waliweza kuzizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi jingine walipata shoti zilezile bila uwezo wa kuzizima. Baadaye wote waliwekwa kwenye boksi ambamo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini wakavumilia. Mwaka 2016 watafiti haohao waliirekebisha tafsiri yao baada ya kuuchunguza ubongo: kulegea ndiko kunakokuja kwenyewe mateso yakizidi, na kinachofundishwa ni kuona kwamba "nikifanya hivi, kitu kinabadilika".

Ukikubali hilo, dawa inajulikana. Mtu aliyelegea anahitaji ushahidi mdogo, wa mara kwa mara, kwamba mkono wake unabadilisha kitu. Rudi nyuma hadi pale unapopata majibu sahihi, hata kama ni kitabu cha madarasa ya chini. Kama sura ya nne inakushinda, fungua ya pili, fanya maswali kumi, sahihisha mwenyewe siku hiyohiyo. Mwanafunzi wa sekondari anayekwama kwa lugha asome mada kwanza kwa Kiswahili hadi aielewe, kisha ajifunze maneno kumi ya Kiingereza ya mada hiyo, ndipo afungue kitabu cha kiada. Huko si kudanganya mfumo, ni kupanda kwa ngazi badala ya kuruka ukuta.

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, aliitaja hiyo kuwa chemchemi ya kwanza ya imani hiyo: kufanikiwa mwenyewe. Ya pili ni kumwona anayefanana nawe akifanikiwa. Anayefanana nawe ni jirani wa Tandika aliyerudia mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea akafaulu, huku akiuza kwenye genge la mama yake. Tajiri wa kwenye video anayesema aliamka mapema akafika alipofika hafanani nawe, na hadithi yake haiwezi kukupa ushahidi huo.

*Itanipa kitu?*

Wapo wanaoweza kabisa, ila hawaoni bidii inaelekea wapi. Kijana anamwona kaka yake mwenye shahada akiendesha bodaboda, kisha anaambiwa asome kwa bidii. Shaka yake ina msingi, na kuifunika kwa maneno matamu ni kumkosea heshima.

Bodaboda wenyewe wanatufundisha jambo hapa. Dereva wa hesabu anampelekea mwenye pikipiki fedha kila siku, na pikipiki itabaki ya mwenyewe milele. Dereva wa mkataba naye anapeleka fedha, pengine nyingi zaidi, lakini akimaliza mkataba chombo ni chake. Barabara ni ileile, jua lilelile. Mwulize kijana wa mkataba ni nani anayeosha pikipiki yake kila asubuhi na kubadilisha oili kwa wakati. Kinachompa nguvu ni kuona kila siku inavyomsogeza.

Kwa hiyo usibishane na shaka yako ukiwa umejilaza kitandani. Nenda ukaipime. Tafuta watu watatu waliomaliza kile unachokisoma ndani ya miaka michache iliyopita, au waliofanya kazi yako na kupanda. Waulize walianzia wapi, walipata kazi kwa njia gani, ni kitu gani walichojifunza kimewalisha na kipi hakijawahi kutumika. Utarudi na moja kati ya mawili: sababu ya kweli ya kuendelea, au habari kwamba unatakiwa kuongeza kitu pembeni, kwa mfano kozi fupi ya ufundi VETA. Vyote viwili vinaondoa ule ukungu unaokula ari.

*Ni yangu?*

Chukua kipimo hiki: kama leo ungeambiwa hakuna mtu hata mmoja atakayejua umeacha, wala baba, wala shangazi aliyekulipia ada, wala kundi la familia la WhatsApp, ungeacha? Jibu "ndiyo, sasa hivi" linaonyesha kwamba umekuwa ukiendeshwa na aibu. Aibu inasukuma watu kweli, lakini inachosha upesi, na inakufanya utafute kukwepa kuliko kufahamu.

Si lazima uipende kazi. Deci na Ryan wanatofautisha kati ya kufanya kwa kulazimishwa, kufanya kwa kuogopa kujiona mbaya, kufanya kwa sababu umekubali mwenyewe kuwa jambo lina maana, na kufanya kwa raha ya jambo lenyewe. Aina hiyo ya tatu, kukubali mwenyewe kuwa jambo lina maana, inatosha kumvusha mtu miaka mingi. Mama lishe wa Buguruni hana raha ya kupuliza moto saa kumi na moja alfajiri. Anayo sababu aliyoichagua, na anaijua kwa majina ya wanawe. Andika sababu yako kwa sentensi inayoanza na "mimi", kisha tafuta sehemu moja ya kazi ambayo unaweza kuiamua mwenyewe: mada ya utafiti, mpangilio wa ripoti, saa ya kuanza, mwenza wa kufanya naye. Uamuzi mdogo ni bora kuliko kutokuwa na uamuzi kabisa.

Fedha inaingia hapa, na watu wengi huielewa vibaya kwa pande zote mbili. Mwaka 1971 Deci aliwapa wanafunzi wa chuo michezo ya mafumbo. Waliolipwa, malipo yalipokoma, walicheza muda mfupi zaidi kwa hiari yao kuliko ambao hawakulipwa. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti watoto waliokuwa wakipenda kuchora. Baadaye watoto hao walipungukiwa na hamu ya kuchora, ilhali waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa. Tunaliona hilo kwenye semina zetu: mafunzo ambayo watu wangeyafuata kwa shauku yakishafungwa na posho, swali la kwanza asubuhi linakuwa posho ni kiasi gani, na siku isiyo na posho ukumbi ni mtupu.

Lakini majaribio hayo yalihusu vitu ambavyo watu tayari walivipenda. Hayasemi kwamba mfanyakazi asilipwe vizuri kwa kuwa "anapenda kazi". Mshahara usiokidhi kodi ya chumba na nauli unaua ari haraka sana, na mwajiri anayetumia saikolojia kukwepa nyongeza anawatendea watu wake ubaya. Lipa haki kwanza, halafu ndipo tuzungumze habari ya moyo.

*Niko na nani?*

Hili ni fupi. Ukiwa peke yako chumbani ari hushuka, ukiwa na mwenzako hupanda. Wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaokaa jioni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, wanalijua. Tafuta mtu mmoja mnayesoma au kufanya kazi ya aina moja, mkutane siku maalumu, kila mmoja aonyeshe alichofanya. Kama kazini unadharauliwa na kukaripiwa mbele za watu, basi jua kwamba hicho nacho ni chanzo kamili, wala usikihesabu kuwa udhaifu wako.

Hatua ya 4: Anza kabla hamu haijaja

Ukishajua chanzo na kuanza kukishughulikia, usikae ukisubiri hamu. Wanaotibu sonona kwa njia ya kurudisha shughuli wanafanya kazi kwa kanuni hii: tendo linatangulia, hisia inafuata. Kanuni hiyo inamfaa hata asiye mgonjwa.

Tumia mpango wa "ikifika hapa, nitafanya hivi". Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeuchunguza kwa kina, alionyesha mwaka 1999 kuwa anayefunga tendo lake na wakati au mahali maalumu hulitekeleza zaidi kuliko anayebaki na nia tupu. "Nitasoma zaidi" ni nia. "Nikishaosha vyombo vya usiku, nitakaa kwenye kiti cha dirishani nifanye maswali mawili ya sura ya pili" ni mpango. Maswali mawili, yasizidi, kwa wiki ya kwanza. Ukitaka kuendelea endelea, lakini deni lako ni mawili.

Kisha taja kikwazo mapema, maana Dar haitakuonea huruma. Umeme ukikatika? Taa ya kuchaji iwe imeshachajiwa. Wapangaji wenzako wakifungulia muziki uani? Jumamosi nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na siku za kazi soma dakika ishirini kabla ya kutoka kazini. Simu? Iache chumba kingine, kwani hata ikifunikwa mezani inakuita. Gabriele Oettingen, aliyetafiti ndoto na malengo, aligundua kuwa watu wanaojipa picha tamu za mafanikio bila kufikiria vikwazo hujituma kidogo zaidi, kana kwamba akili imeshaonja ushindi. Ndiyo maana video za hamasa zinakupandisha mori usiku na asubuhi hakuna kilichofanyika.

Hatua ya 5: Pima baada ya wiki mbili

Kila siku andika mambo mawili tu: nilifanya au sikufanya, na baada ya kufanya nilijisikiaje. Usipime saa ulizokaa mezani. Baada ya wiki mbili soma kurasa hizo. Kama siku za kufanya zimeongezeka, ongeza mzigo kidogo. Kama hazijaongezeka, rudi kwenye yale maswali manne, kwani huenda ulitibu la kwanza kumbe tatizo lilikuwa la tatu. Kurudi huko ni sehemu ya kazi.

Kwa bosi, mwalimu na mzazi

Mfanyakazi bora wa Mei Mosi ni desturi nzuri, lakini haiwezi kubeba mwaka mzima, hasa pale ambapo watu hawajui alichaguliwa kwa vigezo gani. Ukimpa mtu kazi, mweleze sababu yake, mwachie namna ya kuifanya, na mrudishie maoni ndani ya siku chache huku ukitaja jambo mahususi. Kijana akikwambia "Bosi, ile ripoti sijamaliza," mwulize "Umekwamia wapi?" kabla hujamwuliza kwa nini.

Mzazi, zawadi ya simu kwa kufaulu si dhambi, ila itoe kama furaha ya familia baada ya matokeo kuliko kuitumia kama bei iliyotangazwa kabla. Na mtoto aliyeacha kusoma mwulize kwanza swali la uwezo. Mara nyingi ndilo.

Hatua ya 6: Ikibidi kuacha, acha kwa mpango

Kuna ambao wataichunguza kazi au kozi kwa uaminifu na kukuta majibu yote ni hapana: hawaioni faida yake, si yao, na hakuna kinachobadilika licha ya kujaribu. Kuacha ni uamuzi halali kama mengine. Kubaya ni kule kuacha kwa kutoroka, pale mtu anapopotea darasani au kuzima simu ya ofisi.

Mwanafunzi wa chuo aulizie kwanza utaratibu wa kuahirisha masomo, kwa maandishi, kabla hajakosa mitihani. Mwenye mkopo wa serikali aulize pia hatima ya mkopo wake. Ongea na mzazi kabla barua haijamfikia kutoka kwingine, ukiwa na mpango mbadala mkononi, hata kama ni ukurasa mmoja. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, aliyepita mwezi wa kwanza wa ajira, atoe notisi ya siku 28 inayotakiwa na sheria, au zaidi kama mkataba wake unasema hivyo. Adai malipo ya likizo ambayo hakuichukua na cheti cha utumishi, kwani vyote ni haki yake, na kazi inayofuata huenda ikakihitaji cheti hicho. Barua iandikwe baada ya kuweka pembeni kodi na nauli ya miezi ya kutafuta.